Msimu wa Uyoga

Mvua ya kwanza ilipopiga bati za Isevya
nilishika ndoo kwa mazoea,
miguu ikaelekea njia ya porini, kwenye miyombo,
ambako uyoga huchomoza usiku bila kubisha hodi.
Nikasimama kizingitini.
Mwaka huu siendi.

Miaka kumi na sita uyoga umenilisha.
Ulinunua bati hizi,
ulimvisha Mihambo sare ya darasa la kwanza,
na debe la uyoga mkavu ndilo lililolipa nauli
tulipompeleka Mwanza,
damu yake ilipoanza kumla yeye mwenyewe.

Muuguzi wa wodi ile, Sista Kabula, alinieleza kwa kituo:
"Dawa hii haichagui, mama.
Inapiga wezi, inapiga na sungusungu.
Kwa siku kadhaa kijiji kitalala bila lindo."
Kisha akainusa kanga yangu.
"Unauza nini?"
Nikamwambia.
Alinyamaza kidogo,
ndipo akanitajia ndugu za uyoga wasioonekana:
wa vumbi la banda la kuku,
wa ukuta uliolowa,
wa karanga zilizokaa gunia moja masika mawili.
Sisi tunawavuta kila siku, tunapiga chafya, basi.
Kwake yeye wangeteremka mapafuni
wakajenga.

Ukungu.
Neno moja tu tunalo, la alfajiri kule Kipalapala
na la mkate uliosahauliwa kabatini.
Sikuwahi kuliogopa.

Niliuza kuku wanane. Jogoo nilimpa shemeji Ndalahwa,
akaenda akisema mjini nimerogwa.
Mihambo alilala kwa jirani siku nne
fundi akibandua plasta ya ukuta wa nyuma,
ule wenye ramani nyeusi,
akiulowesha kwanza vumbi lisiruke.
Embe namenya mimi, mikono imenawa, kisu kimechemka.
Saa mbili usiku, redio ikianza taarifa ya habari,
kidonge cha kuzuia kuvu, na maji yaliyopoa.
Asubuhi: "Fungua kinywa."
Namulika kwa tochi ya simu,
natafuta weupe kama maziwa yaliyoganda.
Ana miaka kumi na minne. Ananitolea ulimi kusudi,
mrefu, mwekundu, msafi,
nami najifanya nimekasirika.

Mama mkwe alileta michembe kutoka Sikonge,
kapu zima, amelibeba kichwani toka stendi.
Chini kabisa palikuwa na vumbi la kijani.
"Hilo tumekula tangu enzi," akasema, "nani kafa?"
Sikuwa na jibu la kumpa mtu aliyezika watoto watatu
bila kuambiwa walikufa kwa nini.
Nilipokea kwa mikono miwili, nikashukuru.
Usiku nikaichoma yote
nikilia kama mwizi.

Kisha ile saa tisa ya usiku:
kipimajoto kikasoma thelathini na nane na nusu.
Sista alisema usisubiri kuche,
usimpe panadoli ukajidanganya.
Bodaboda, tope, Kitete, dripu.
Nilikaa kwenye benchi nikihesabu
kila nilichogusa wiki ile,
kila kitasa, kila sufuria, kila shilingi,
nikitafuta mlango niliousahau wazi.
Daktari alisema huenda sikuusahau.
Alisema wakati mwingine mlango uko ndani yake mwenyewe.
Hilo silipendi hadi leo.

Alirudi nyumbani siku ya tisa, mwepesi kama kapu tupu.

Sasa nauza chumvi ya Uvinza. Wateja wa zamani
wanapita, wanauliza: uyoga je?
Nawapimia chumvi.

Jana mvua ilinyesha tena. Harufu ya pori
ikaja mpaka dirishani, ile ya udongo na majani yanayooza,
tamu, naijua kama jina langu.
Mihambo akainua kichwa kwenye mto.
"Mama, acha kidogo."
Nikafunga.
Akageukia ukuta mpya, mweupe,
nami nikabaki nimeshika komeo.